Vipandikizi vya maua kutoka ziara za mafunzo: kibali kwanza, safari baadaye

Kila kundi la wanafunzi wa vyuo vya ufundi linaporejea kutoka mafunzo ya kilimo cha maua nje ya nchi, malalamiko huongezeka kwenye dawati letu la ukaguzi wa mimea, Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere. "Nimenyang'anywa mawaridi niliyopewa zawadi." "Vitunguu vyangu vya tulipu vimechomwa." "Nimekuja na cheti cha Uholanzi na bado nimezuiwa." Tunajua kwamba wengi wa vijana hawa wanataka tu kuwaonyesha wenzao darasani walichojifunza, na ziara hizo tunaziunga mkono. Ila mmea hauingii nchini kwa nia njema ya aliyeubeba.

Hoja ya kwanza tunayosikia ni kwamba kipande chenyewe ni kidogo. Udogo haupunguzi chochote. Vithiripi wa maua, wadudu wadogo sana wa jamii ya Frankliniella occidentalis, wenye asili ya magharibi mwa Marekani, walisambaa duniani kupitia biashara ya maua, na mwaka 1983 wakaonekana Uholanzi. Mdudu huyu hutaga mayai ndani ya jani, mahali ambapo jicho halifiki. Hoja ya pili ni kwamba mche unaonekana mzima. Mwaka 2015 bakteria wa mnyauko waligunduliwa kwenye mawaridi ya mabanda vitalu hukohuko Uholanzi, nchi yenye wataalamu na maabara za kila aina. Bakteria wa kundi hilo hushambulia pia nyanya, pilipili na tangawizi, na huweza kukaa kimya ndani ya mche wakati wa ubaridi, dalili zikajitokeza joto likipanda. Joto la Dar es Salaam kila mtu analijua.

Mwanafunzi aliyefundishwa kilimo endelevu cha maua anapaswa kuyaelewa haya kuliko mtu mwingine yeyote. Huko alikokwenda, kabla ya kuingia bandani alivalishwa koti safi, akakanyaga dawa ya kuua vimelea, akaelekezwa kusafisha mkasi kabla ya kuhamia mche mwingine. Hiyo ndiyo njia ya kupunguza viuatilifu: kuzuia kisumbufu kisiingie, badala ya kupulizia dawa kikishaingia. Kufunga kipandikizi ndani ya soksi na kukificha kwenye begi ni kulitupa somo lenyewe.

Utaratibu ni huu. Maombi ya kibali cha kuingiza mimea hufanywa kwetu kabla ya mmea kuondoka ulikotoka. Mwombaji anataja jina la kisayansi la mmea, idadi, nchi unakotoka, matumizi yake na mahali utakapopandwa. "Maua mchanganyiko" si jina la mmea. Tafadhali msituandikie hivyo. Sisi tunatathmini hatari, na kwa mmea ambao haujawahi kutathminiwa kutoka nchi hiyo, kazi huchukua muda mrefu zaidi. Kibali kikitoka huwa na masharti, nacho hupelekwa kwa mwenyeji wenu, ambaye anakiwasilisha kwa mamlaka ya afya ya mimea ya nchi yake. Kwa Uholanzi mamlaka hiyo ni NVWA. Wao hukagua kufuatana na masharti yetu, kisha hutoa cheti cha usafi wa mimea. Cheti bila kibali hakitoshi, kwa sababu aliyekitoa hakuwa na masharti ya Tanzania mkononi. Ukifika, tangaza mzigo wako kabla ya kutoka. Tunaweza kuchukua sampuli kwa ajili ya maabara, au kuagiza mmea ukae karantini. Udongo uache hukohuko, hata ule ulioganda kwenye mizizi.

Mmea usio na kibali huzuiwa, kisha hurudishwa ulikotoka kwa gharama ya mwenyewe au huteketezwa. Chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, mhusika anaweza pia kushtakiwa, na adhabu ni pamoja na faini na kifungo. Wanaodai kwamba wakaguzi huenda kupanda maua hayo majumbani kwao wanatuvunjia heshima bila sababu.

Wadudu rafiki nao wanahitaji kibali. Wanafunzi hufurahishwa sana na Phytoseiulus, utitiri anayekula utitiri waharibifu, na wana haki ya kufurahi. Lakini kiumbe hai akiachiwa harudishwi. Magugu maji yaliletwa Afrika kwa sababu ya uzuri wa ua lake, na wavuvi wa Ziwa Victoria wanajua yaliyofuata. Fukusi wa jamii ya Neochetina walioletwa kuyadhibiti waliachiwa baada ya majaribio ya kuhakikisha hawatahamia kwenye mazao.

Tuseme ukweli pia kuhusu mbegu zenyewe. Waridi la kukata lililotengenezwa kwa ajili ya banda la Westland, eneo la mabanda vitalu huko Uholanzi, linafaa zaidi miinuko ya Arusha na Kilimanjaro kuliko Kigamboni. Mengi yana haki za mgunduzi, na tangu 2015 Tanzania ni mwanachama wa UPOV, muungano wa kimataifa unaolinda haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea, hivyo kuyazalisha na kuuza bila ruhusa ni kosa jingine. Wakati huohuo asumini ya vikuba, mlangilangi na helikonia vinastawi Pwani na vinastahili ujuzi huo wa umwagiliaji, mboji na mitego ya kunata.

Wageni wanaokuja kwetu wafuate njia hiyohiyo wanapoondoka na mimea. Tangu Desemba 14, 2019, msafiri anayeingia Umoja wa Ulaya na mmea anatakiwa kuwa na cheti. Matunda yaliyosamehewa ni matano tu: nanasi, ndizi, nazi, doriani na tende. Saintpaulia, ua la Usambara linalouzwa leo katika vyungu duniani kote, liliondoka Tanga kwenda Ujerumani miaka ya 1890 bila yeyote hapa kuulizwa. Siku hizi, hata jani moja lina utaratibu wake.

Mwalimu kiongozi wa msafara aombe kwa niaba ya kundi zima, mara tu mwenyeji anapotuma orodha ya mimea. Na aliyekwisha kupanda mche usio na kibali, chuoni au nyumbani, asiugawe, asiutupe jalalani wala asiuhamishe. Auache ulipo, asitumie mkasi wake kwenye mimea mingine, kisha atoe taarifa kwetu ili mkaguzi aufuate hapohapo.