Platinamu nayo inashikana na vitu

Hapa Mwanza kwa masonara nimeshasikia sana eti platinamu, ile metali ya thamani, haishikani na chochote, ukiitia kwenye asidi inatoka vilevile. Si kweli jamani. Ni bishi ndio, ila mchanganyiko wa moto wa asidi ya naitriki na haidrokloriki unaiyeyusha, na chumvi zake ndo zinatengenezewa sisiplatini, dawa ya kansa: platinamu katikati, klorini mbili upande mmoja, amonia mbili upande mwingine, zote bapa. Sasa klorini zikikaa zinatazamana, platinamu ikiwa katikati yao, fomula ni ileile kabisa lakini kama dawa haifai! Maabara wanazitofautisha kwa kemikali iitwayo thayourea, sisiplatini inatoa rangi ya njano, ile nyingine fuwele nyeupe. Mwanasayansi Barnett Rosenberg wa Marekani ndo aliripoti 1965 kuwa misombo ya platinamu inazuia bakteria kugawanyika.