Kwa nini malaria humrudia mtoto yuleyule, na jinsi jambo hilo linavyowasumbua watengenezaji wa chanjo

Katika zahanati moja ya Tandahimba, mkoani Mtwara, mvua zikiwa zimekolea, mama mmoja aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu sawasawa palepale, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na nilikuwa nimekishika kidole cha mwanawe, kimekwisha kuchomwa. "Daktari, huyu ameumwa malaria mara tatu tangu korosho zianze kuanguka. Tetekuwanga ilimpata mara moja tu, ikaisha. Kwani hii malaria mwili wake hauizoei?"

Mimi si tabibu. Kazi yangu ni kusoma vinasaba vya vimelea vya malaria, lakini vijijini kila aliyevaa koti jeupe ni daktari, nami nimeacha kubisha. Nilidondosha matone matatu ya damu ya mtoto kwenye karatasi ya kuchujia, nikaitundika juu ikauke. Naitundika juu kwa sababu nilishafunzwa na sisimizi: mwaka wangu wa kwanza waliniharibia sampuli za siku nzima nilizoziacha mezani. Karatasi ikikauka, naitia kwenye kifuko pamoja na chembechembe za kunyonya unyevu, maana hewa ya Mtwara wakati wa masika huozesha damu hata iliyokauka.

Jibu la swali la yule mama limo ndani ya karatasi ile. Kirusi cha tetekuwanga kina jeni zipatazo 70 na hakibadiliki sana, kwa hiyo mwili uliokijua mara moja humtambua mgeni yuleyule akirudi. Kimelea cha malaria kali, Plasmodium falciparum, kina jeni zipatazo 5,300 zilizopangwa katika kromosomu 14, na ramani yake kamili ilichapishwa mwaka 2002. Ukubwa huo peke yake usingekuwa tatizo kama vimelea vyote vingefanana, lakini havifanani.

Njia ya zamani ya kuuona utofauti huo, ambayo bado naipenda kwa kuwa inaonekana kwa macho, ni kuitazama jeni iitwayo msp2. Sehemu yake ya katikati hutofautiana urefu kutoka kimelea hadi kimelea. Tunainakilisha mara mamilioni kwa mashine, kisha tunaipitisha kwenye jeli yenye umeme: vipande vifupi hukimbia mbele, virefu hubaki nyuma, na chini ya mwanga wa urujuanimno hujitokeza mistari. Katika maambukizi ya kawaida mstari mmoja ni ukoo mmoja wa vimelea. Damu ya mtoto mmoja wa huku kwetu inaweza kutoa mistari mitatu au minne kwa wakati mmoja, na ukimpima tena baada ya wiki kadhaa huenda usiukute hata mmoja wa ile ya kwanza.

Wingi huo unatokana na wingi wa maambukizi. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2022 uliwakuta na malaria watoto wa chini ya miaka mitano wapatao asilimia 8 nchini kote. Mtwara walikuwa asilimia 20. Mbu akinyonya damu yenye koo tatu, vimelea vya kiume na vya kike vya koo hizo hupandana tumboni mwake, na vizalia vyao hurithi jeni zilizochanganywa upya, mfano wa karata zilizopigwa na kugawiwa tena. Pale ambapo malaria ni chache, kama sehemu nyingi za Asia ya Kusini-Mashariki, mbu huokota ukoo mmoja tu, na kimelea hujipandisha chenyewe. Huku kwetu karata hupigwa kila usiku.

Juu ya mchanganyiko huo ipo hila nyingine. Kila kimelea kina jeni zipatazo 60 za kundi liitwalo var, ambazo hutengeneza protini inayojitokeza juu ya chembe nyekundu ya damu iliyoambukizwa na kuinatisha kwenye kuta za mishipa. Kimelea hutumia moja kwa wakati mmoja. Mwili ukishatengeneza kingamwili, yaani protini za damu zinazomtambua mgeni na kumnasa, dhidi ya protini ile, baadhi ya vimelea huwa vimekwisha kubadilisha vazi, na ukoo mwingine huja na kabati lake tofauti la nguo 60.

Ushahidi unaonivutia kuliko mwingine wote kuhusu hili ni wa wajawazito. Mwanamke aliyekulia Newala, ambaye malaria haijamlaza tangu utotoni, hupata mimba ya kwanza na ghafla huwa katika hatari. Kondo la nyuma huleta mahali papya pa kunata, na vimelea vinavyotumia jeni iitwayo var2csa hujazana humo. Mwili wake haujawahi kukutana na vazi hilo. Kufikia mimba ya pili au ya tatu huwa umelijua, na hatari hupungua. Kinga aliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa ni ya mavazi aliyokwisha kuyaona.

Kwa hiyo, mama yule angeniruhusu dakika kumi ningemwambia kwamba mwili wa mwanawe unazoea vizuri tu, isipokuwa kila mara unakutana na mgeni mwingine. Kinga dhidi ya malaria ya kuua, ile yenye degedege na upungufu mkubwa wa damu, huja mapema kiasi; kinga dhidi ya homa huchukua miaka; na kinga ya kuvifuta vimelea kabisa karibu haiji, ndiyo maana mtu mzima anaweza kupalilia mikorosho kutwa nzima akiwa navyo damuni. Kwamba kinga hiyo ipo, na kwamba sehemu yake kubwa ni kingamwili, lilithibitishwa mwaka 1961: watafiti walichukua kingamwili za watu wazima wa Gambia, wakawapa watoto wagonjwa, na vimelea vikapungua sana.

Sasa tuje kwenye chanjo. Chanjo mbili zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, RTS,S mwaka 2021 na R21 mwaka 2023, zimejengwa juu ya protini ya ukoo mmoja, uitwao 3D7. Ukoo huo ulitokana na vimelea vya mgonjwa wa Uholanzi, aliyeambukizwa karibu na uwanja wa ndege wa Schiphol bila kusafiri kokote. Inaelekea mbu alishuka na ndege. Katika jaribio kubwa la RTS,S, lililohusisha pia Korogwe na Bagamoyo, vinasaba vya vimelea vya watoto waliougua vilisomwa. Vilivyolingana na chanjo havikufika asilimia 10. Kwa watoto wa miezi 5 hadi 17, chanjo ilizuia malaria ya vimelea vinavyolingana kwa asilimia 50.3 katika mwaka wa kwanza, na ya vile visivyolingana kwa asilimia 33.4. Pengo halikuwa kubwa zaidi ya hapo kwa sababu kingamwili nyingi hulenga sehemu ya protini inayojirudiarudia, ambayo karibu haitofautiani baina ya koo. Utofauti uko kwenye mkia.

Chanjo ya AMA1, protini nyingine ya kimelea, haikuwa na bahati hiyo. Huko Bandiagara, Mali, ilizuia asilimia 64.3 ya malaria ya ukoo uliofanana nayo, lakini kwa malaria yote kwa jumla ilipata asilimia 17.4, kiasi kisichotofautika na bahati nasibu.

Wengi husoma matokeo hayo wakasema dawa ni kutafuta protini isiyobadilika. Nakubali, ila kwa tahadhari. Protini hubadilika sana pale ambapo mwili huipiga sana, kwa hiyo utofauti wenyewe ni alama ya mahali kinga inapouma. Protini iliyotulia huenda imetulia kwa kuwa mwili haujawahi kuigusa. Protini iitwayo RH5 ndiyo mfano: kimelea hakiingii ndani ya chembe nyekundu bila hiyo, inatofautiana kidogo mno, na watu wazima waliougua maisha yao yote wana kingamwili zake chache. Chanjo yake, iliyojaribiwa pia Bagamoyo, ilifikia asilimia 55 kwa miezi sita kwa watoto wa Burkina Faso waliocheleweshewa dozi ya tatu. Sina hakika kama RH5 itaendelea kutulia baada ya kingamwili dhidi yake kujaa katika damu ya mamilioni ya watoto. Hadi sasa haijawahi kusukumwa na kinga.

Ndiyo sababu ya matone matatu. Tone la kwanza hutumika kuhesabu koo, la pili kusoma jeni zinazolengwa na chanjo. La tatu silikati. Linabaki kwenye kifuko chake, limeandikwa namba na tarehe, ili siku chanjo zikishaenea Tandahimba tuwe na damu ya kabla ya hapo ya kulinganishia.