Kwa nini kuku wa kijivu hutotoa vifaranga weusi

Mwezi uliopita mama mmoja wa Sengerema alinipigia simu saa moja asubuhi, na hata salamu aliikata. "Mwalimu, uliniuzia jogoo wa kijivu na mitetea ya kijivu. Leo wametotoa, na humu kuna weusi wanne! Hao wametoka wapi?"

Nikamwuliza, "Mama, na weupe wapo?"

Akanyamaza kidogo. "Wapo wawili. Kama wamechafuka hivi."

Kijivu walikuwa watano. Jumla, vifaranga 11.

Mama hakudanganywa, na wala jogoo wa jirani hakuingia bandani kwake. Vifaranga wake wametoka vile vile rangi hiyo inavyotoka siku zote. Kosa ni langu, maana siku ananunua sikumkalisha chini nikamweleza. Kazi yangu ni kuchagua na kukuza mbegu za kuku hapa Buswelu, na swali lake naulizwa kuliko maswali mengine yote, kwa hiyo leo naliandika kwa kirefu.

Mshike jogoo wa kienyeji umtazame juani. Shingo nyekundu, kifua cheusi, mkia mweusi unaotoa mng'ao wa kijani. Hapo umeziona rangi zote alizonazo kuku: nyeusi na nyekundu, basi. Dhahabu, kahawia, maziwa, kijivu, mistari na madoa ni hizo hizo mbili, zimepunguzwa, zimezuiwa au zimepangwa upya, na kazi hiyo inafanywa na jeni, yaani maelekezo ambayo kifaranga anarithi kwa wazazi wake. Weupe ni pazia. Kuku mweupe pe anaweza kuwa amebeba mistari au kijivu nyuma ya ule weupe, nawe usijue hadi umpandishe uone watoto. Ndiyo maana sianzishi mbegu kwa kuku mweupe nisiyewajua wazazi wake, hata awe mzuri namna gani.

Jeni ya kijivu inagusa weusi tu, wekundu inauacha ulivyo. Kuku wa kijivu akichanganyika na kienyeji unaweza kupata jogoo mwenye shingo nyekundu pyu juu ya kifua cha rangi ya mawe yetu ya Mwanza, na kwangu mimi hakuna kuku mzuri kumshinda huyo. Nilianza kuipenda rangi hii kwa sababu ya koo mmoja aliyepotea siku tisa. Nilimkuta ameatamia chini ya jabali nyuma ya nyumba, hatua sita kutoka mlangoni. Nilikuwa nimempita kila siku bila kumwona.

Sasa hesabu yenyewe. Kila kifaranga hupokea nakala moja ya jeni hiyo kwa baba na moja kwa mama, na kila nakala ni ama ya kijivu ama ya kawaida. Asipopata nakala ya kijivu hata moja, anakuwa mweusi tii. Akipata moja, weusi unapauka kuwa kijivu. Akipata mbili, unapauka zaidi hadi kuwa weupe mchafu wenye matone ya kijivu hapa na pale, kama karatasi iliyodondokewa na wino. Jogoo wa kijivu ana nakala moja, mtetea wa kijivu naye ana moja. Kila yai ni sawa na shilingi mbili zilizorushwa pamoja, na ukitotoa wengi utakuta robo weusi, nusu kijivu, robo wa matone. Mama alipata 4, 5 na 2. Kwa mayai machache hivyo hesabu haikai sawa, lakini sura yake unaiona.

Waingereza wawili, William Bateson na Reginald Punnett, waliieleza hesabu hii mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kutumia kuku wa Andalusia, wale wa kijivu wenye asili ya Hispania. Wafugaji walikuwa wakiwatoa weusi na weupe kizazi baada ya kizazi, wakidhani damu itasafika. Haisafiki. Kijivu hiki ni kuku wa nusu kwa nusu, na atabaki hivyo.

Dawa ipo, na ilikuwa tayari ndani ya kapu la mama. Mchukue jogoo mweusi, mpandishe kwa mitetea ya matone. Baba hana nakala hata moja, mama anazo mbili, kwa hiyo kila kifaranga anapata moja kamili. Wote kijivu, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Wale wawili "waliochafuka" ambao mama alitaka kuwapeleka sokoni kwanza ndio wa kuwatunza kuliko wote. Nikamwambia, "Mama, hao usiwauze." Amewafunga uzi mwekundu mguuni.

Kuna kijivu cha pili, na hapa ndipo watu wengi wanapotea. Kwa mbali vinafanana. Nyofoa unyoya mmoja wa mgongoni uuweke kwenye kiganja. Kijivu cha kwanza mara nyingi kina ukingo mweusi unaozunguka unyoya, kama umechorwa kwa penseli, na jogoo wake ana shingo iliyokoza. Kijivu cha pili kiko sawa kutoka shina hadi ncha, laini kama moshi wa asubuhi juu ya ziwa, na hata wekundu kinaupausha ukawa rangi ya nyasi kavu.

Hiki cha pili kinajificha. Kuku mwenye nakala moja anaonekana mweusi kabisa, anahitaji mbili ndipo moshi utokee. Ukimpandisha jogoo wa moshi kwa mitetea weusi, kizazi cha kwanza chote ni cheusi, na hapo ndipo mfugaji anakata tamaa na kuuza. Usiuze. Wapandishe mitetea hao kwa baba yao, nusu ya watoto watakuwa wa moshi. Ukiwapandisha wenyewe kwa wenyewe, tegemea robo, lakini totoa wengi. Ukiwa na vifaranga 8 tu, uwezekano wa kukosa hata mmoja wa moshi ni kama 10 kwa 100. Wakifika 16 unashuka hadi 1 kwa 100. Baada ya hapo moshi kwa moshi huzaa moshi tu. Kasoro yake ni manyoya: mkia na mabawa huchanikachanika kwa baadhi yao, hivyo kila baada ya vizazi vichache narudisha damu ya kuku mweusi mwenye manyoya imara. Kupandisha ndugu kwa ndugu mfululizo kunaua utagaji haraka kuliko mtu anavyodhani.

Wanaonunua kuku wa Malawi huniuliza pia kama rangi inaweza kuwaonyesha jogoo na mtetea mapema. Inaweza. Mpandishe jogoo wa Malawi mweusi kwa mitetea ya Plymouth Rock wa mistari. Jeni ya mistari inakaa kwenye kromosomu ya jinsia, yaani ile inayohusika na kuwa dume au jike, na mama humpa mtoto wa kiume peke yake. Siku ya kutotolewa, madume wana doa jeupe kichwani, majike hawana. Ukigeuza, jogoo akawa ndiye wa mistari, alama hiyo haikusaidii, maana doa hutokea kwa madume na majike pia.

Rangi yoyote ile, kuku akifa haina maana. Mwaka nilioanza nilinunua jogoo wa matone mnadani, nikafurahi mno, nikamwingiza bandani jioni ile ile. Siku ya sita alikuwa na kinyesi cha kijani na shingo imepinda. Mdondo. Walibaki wanne kati ya 31. Siku hizi kuku mgeni anakaa peke yake wiki mbili, na wote wanapata tone la chanjo jichoni kila baada ya miezi mitatu. Tena mtetea mwenye rangi ninayoitaka lakini aliyekuwa dhaifu utotoni simpandishi. Huyo anaenda kwenye chungu.

Kwa sasa nina jogoo wa kijivu niliyempata kwa muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba. Unyoya wake wa mgongoni hauna ukingo, kama wa moshi, ila shingo imekoza, kama ya kijivu cha kwanza. Macho hayatoshi kuamua. Nimempandisha kwa mitetea mitano ya Malawi, weusi tii, niliyoitenga na jogoo wake wa zamani kwa wiki tatu nzima, maana mbegu ya dume hubaki ndani ya mtetea siku nyingi baada ya wao kutengana. Kama ni kijivu cha kwanza, karibu nusu ya vifaranga watatoka kijivu. Kama ni cha moshi, wote weusi. Mayai 19 yako chini ya makoo wawili, na siku ya 21 ni Jumamosi.