Macho Makubwa Hayatoshi: Dhana Potofu Kuhusu Kuchora Mashujaa kwa Namna ya Manga ya Wasichana

Wiki hii nimeletewa tena. Mwanafunzi wangu kafungua daftari, ndani yumo Spider-Man kavua kinyago, macho yamemla nusu ya uso, kila jicho na nyota zake, maua ya waridi yamemzunguka kama kadi ya harusi. "Mwalimu, hii ni shojo," akaniambia, na uso wote ukicheka. Mkono anao, mistari yake imetulia. Lakini shojo, yaani manga (katuni za Kijapani) za wasichana, haikuwepo pale. Alikuwepo Spider-Man yuleyule, kaongezewa macho. Nimelisema jambo hili darasani mara nyingi mno, na leo naliandika.

"Mkuzie macho, mzungushie maua, basi."

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu wanaoiamini ni wale wenye vipaji. Shojo huanza kwenye ukurasa kabla haijafika usoni. Katuni ya Kimarekani ya mashujaa imejengwa ili tendo lionekane: fremu, yaani visanduku vya picha, zinafuatana, kila moja inaisukuma ngumi mpaka itue. Wachoraji wa shojo walijenga ukurasa wa kuonyesha yanayopita moyoni. Miaka ya 1950 Macoto Takahashi alikuwa akimsimamisha mhusika mzima, nywele hadi viatu, mbele ya fremu, akizifunika, bila kuwa sehemu ya tukio lolote lililomo ndani yake. Msomaji anasimama naye hapo, anaiona nguo, anauona mkao, anajua leo binti huyu kaamkaje. Miaka ya 1970 wakaja Moto Hagio, Keiko Takemiya, Riyoko Ikeda na wenzao, wale wanaoitwa Kundi la Mwaka wa 24 kwa kuwa wengi walizaliwa karibu na mwaka wa 24 wa enzi ya Showa, yaani 1949. Hao wakavunja mipaka ya fremu, wakapandanisha sura juu ya sura, wakayatoa mawazo nje ya viputo vya maneno, yakawa yanaelea ukurasani kama mtu anayejisemea usiku. Macho ni makubwa kwa sababu kila kitu ukurasani kinaelekea huko. Ukiyachukua macho peke yake, umebeba dirisha na nyumba umeiacha.

Nitoe mfano. Kuna toleo la 121 la The Amazing Spider-Man, la mwaka 1973, ambamo Gwen Stacy, mpenzi wa Spider-Man, anaanguka kutoka darajani. Aliyelichora ni Gil Kane. Utando unamwahi, unamdaka mguuni, na karibu na shingo yake umeandikwa mlio mdogo tu wa kitu kuvunjika. Spider-Man hajauona. Anamvuta juu huku akijisifu. Ni kazi kubwa ile, na nawapa wanafunzi wote waisome.

Nikampa kijana wangu tukio hilohilo alisimulie kwa shojo, na nikamkataza kuchora jicho hata moja mpaka nizikubali fremu. Akapanga fremu sita, mstari kwa mstari, kama alivyozoea. Tukazifuta. Utando tukauacha uwe mstari mmoja mwembamba, unashuka kutoka pembe ya juu kulia, maana manga husomwa kuanzia kulia, hadi chini kushoto, bila fremu ya kuuzuia. Gwen tukamweka mzima, nywele zimepanda na upepo. Ule mlio tukautoa kabisa. Mahali pake likaelea neno moja la Peter, ndiye Spider-Man mwenyewe: "Nimewahi." Ukurasa wa pili ukabaki mweupe, una mikono miwili tu, wa Peter unaoshika na wa Gwen usioshika. Hapo ndipo nilipomruhusu achore macho, na nikamwambia asitie nyota wala mng'ao. Aliyachora madogo kuliko yale ya kwanza. Nilinyamaza kwa muda.

Kwa hiyo: fremu kwanza, macho mwisho. Chora ukurasa mzima bila uso wa mtu. Kama hisia haionekani, uso hautaiokoa. Na ua ukiliweka, lifanye kazi. Linaweza kuingia mhusika anapobadilika moyo, au mahali ambapo ingekuwepo fremu ya kimya. Mimi darasani sikubali ua ambalo mchoraji wake hawezi kuniambia limekuja kufanya nini.

"Shojo ni mapenzi tu, shujaa atafanya nini humo?"

Mwaka 1953 Osamu Tezuka alianza kuchora Ribon no Kishi, hadithi ya Sapphire, binti wa mfalme anayelelewa kama mvulana na kushika upanga. Oscar, binti aliyelelewa kama mvulana katika The Rose of Versailles ya Riyoko Ikeda, ni kamanda wa walinzi wa Marie Antoinette, na anauawa siku ya kuvamiwa gereza la Bastille. Mwishoni mwa 1991 Naoko Takeuchi alianza Sailor Moon katika jarida la Nakayoshi, akaichukua ile timu ya mashujaa wa rangi mbalimbali ya televisheni ya Kijapani akawakabidhi wasichana wa shule. Na timu ya kwanza ya namna hiyo, Gorenger ya mwaka 1975, ilibuniwa na Shotaro Ishinomori, ambaye ujanani alichora shojo.

"Shojo ni mtindo wa kuchora."

Neno lenyewe linamtaja msomaji, yaani msichana. Linalochapishwa katika majarida ya wasichana kama Ribon au Margaret ni shojo kwa sababu limechapishwa humo, na wachoraji wake hawafanani hata kidogo.

"Mashujaa wa Marekani na hadithi za mapenzi hawana undugu."

Hili huniambia watu wazima, tena kwa kujiamini. Joe Simon na Jack Kirby, waliomleta Captain America mwaka 1941, ndio hao hao walioanzisha katuni ya mapenzi ya Young Romance mwaka 1947. John Romita alichora katuni za mapenzi kwa miaka kadhaa kabla ya kukabidhiwa Spider-Man mwaka 1966. Mtazame Mary Jane, mpenzi wa baadaye wa Peter, anavyotokea mlangoni mwisho wa toleo la 42 la The Amazing Spider-Man, utauona mkono wa mtu aliyezoea kazi hiyo.

"Hakuna aliyewahi kujaribu rasmi."

Mwaka 2009 ilitoka X-Men: Misfits, mashujaa wa Kimarekani wa X-Men kwa namna ya shojo, iliyoandikwa na Raina Telgemeier na Dave Roman na kuchorwa na Anzu. Kilitoka kitabu kimoja tu. Ninachokipenda ni walipoanzia: Kitty Pryde ni msichana pekee katika shule iliyojaa wavulana. Waliigeuza hali yake kwanza, sura ikafuata.

"Batman akiwa mwembamba atakuwa mwanamke."

Wavulana darasani hugoma hapa. Nawaambia waache mabega yapungue, joho lifanye kazi ya mabega. Juzi mmoja wao kaniletea ukurasa wake: joho limeufunika wote, fremu hamna, na pembeni lulu za mama yake Batman, aliyeuawa, zinadondoka moja moja hadi chini. Uso hajauchora bado. Nimemwambia asiwe na haraka nao.