Shahada ya Mtandaoni na Uzito Wake Mbele ya Mwajiri

Kazi yangu ni kuhakiki vyeti vya waombaji wa ajira hapa Mbeya. Walimu na maafisa wa Makete, Ludewa na Rungwe wanaotaka kujiendeleza bila kuacha vituo vyao vya kazi huniuliza mara kwa mara kama shahada iliyosomwa kwa mtandao itaheshimiwa sawa na ya aliyekaa bwenini miaka mitatu. Mimi huanza kwa kuangalia ni nani aliyeitoa, ni mamlaka gani iliyompa ithibati, yaani uthibitisho rasmi wa ubora wake, na mitihani ilisimamiwaje. Njia aliyosomea mwombaji huja baadaye.

Elimu ya masafa, yaani kusoma ukiwa mbali na chuo, ni kongwe kuliko intaneti. Tangu mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kimewatahini watu ambao hawakusomea London, na Nelson Mandela alihitimu shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, mwaka 1989 akiwa bado mfungwa. Hapa nchini, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na kina vituo vya mikoa, Mbeya na Iringa vikiwemo, ambako wanafunzi wamekuwa wakifanya mitihani mbele ya wasimamizi. Kwangu mimi usimamizi huo ndio unaoipa shahada uzito, na mwajiri anayeliweka kando jalada la mhitimu wa masafa bila kulisoma anamdhulumu mtu aliyesoma usiku baada ya kazi.

Ninapofungua jalada, ninaisoma transkripti, yaani orodha ya masomo na matokeo yake, kabla ya cheti. Natazama kama masomo yamepangwa mwaka kwa mwaka, kama kuna alama na krediti (vipimo vya uzito wa kila somo), na kama muda kati ya kujiunga na kuhitimu unalingana na urefu wa programu. Shahada ya kwanza iliyopatikana kwa wiki chache, kwa kigezo cha uzoefu wa maisha pekee, imenunuliwa. Kisha naiandikia ofisi ya msajili wa chuo kwa anwani niliyoitafuta mwenyewe, kamwe si ile iliyoletwa na mwombaji, kwa kuwa wauza vyeti huajiri hata watu wa kupokea simu. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kwamba kampuni ya Axact ya Pakistan iliendesha mamia ya tovuti za vyuo visivyokuwepo, pamoja na vyombo bandia vya ithibati. Ndiyo maana neno "ithibati" kwenye tovuti halinitoshi. Kwa shahada ya nje nataka barua ya utambuzi kutoka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU.

Katika uhasibu, utawala na sheria sioni sababu ya kuwatenga waliosoma kwa mtandao. Uuguzi, uhandisi na sayansi za maabara ni habari nyingine, kwa sababu mkono haujifunzi kutafuta mshipa wa mgonjwa kwa kutazama skrini, na hapo natetea chuo chenye wodi na karakana bila kusita. Anayetaka kusomea taaluma hizo kwa masafa aliandikie kwanza baraza au bodi inayosajili wanataaluma wake, aulize mafunzo ya vitendo yatafanyika wapi na kwa saa ngapi, na apate jibu la maandishi kabla ya kulipa ada ya muhula wa kwanza.