Gari Kuchemsha, Mshale Kupanda na Injini Kupata Moto ni Mambo Matatu

Mtu akisema gari lake linachemsha, mara nyingi hajaona chochote kinachochemka. Alichokiona ni mshale wa temperecha uliopita katikati ya geji, au taa nyekundu iliyowaka kwenye dashibodi, na kwa hilo tu anaingia gereji akiwa na neno ambalo fundi atalipokea kama ugonjwa uliokwisha kupimwa. Fundi naye, kwa kuwa ugonjwa huo anaujua kwa dawa mbili tu, anazibua rejeta na kung'oa themostati, yaani vali inayofunguka kwa joto kupitisha maji kwenda kwenye rejeta, kisha gari linarudi barabarani na sensa ileile mbovu iliyoanzisha maneno yote.

Kuchemsha, kwa maana yake hasa, ni kulanti, yaani kimiminika cha kupoozea injini, kufikia kiwango chake cha kuchemka ndani ya mfumo wa kupooza injini, ikageuka mvuke mahali inapotakiwa kubaki kimiminika. Injini kupata moto kupita kiasi ni hali ya chuma chenyewe, yaani silinda hedi (kichwa cha injini) na bloku (kiwiliwili chake) kubaki na joto ambalo halipati pa kutokea. Mshale kupanda ni taarifa ya umeme kutoka kwenye sensa moja iliyochomekwa sehemu moja ya injini. Mambo haya matatu huandamana mara nyingi, na ndiyo sababu yamechanganywa, lakini kila moja linaweza kutokea bila mengine.

Tuanze na kuchemka, kwa sababu hapo ndipo hesabu inapowapita wengi. Maji matupu yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi ukiwa Dar es Salaam, lakini ukiwa Mbeya, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Themostati za magari mengi ya petroli huanza kufunguka kati ya nyuzi 82 na 88, na hufunguka kabisa karibu na nyuzi 95. Maana yake ni kwamba injini nzima kabisa, inayofanya kazi kwenye joto lake la kawaida, ingechemsha maji yake kila siku pale Mbeya kama si mfuniko wa rejeta. Mfuniko huo si kizibo cha kuzuia maji yasimwagike; ni vali ya presha, na namba iliyoandikwa juu yake, kwa kawaida 0.9 au 1.1 (takriban kwa baa), ndiyo presha inayoruhusu ndani ya mfumo kabla haijafungua njia ya kwenda kwenye kopo la akiba. Mfuniko wa 1.1 ukiwa mzima unakisogeza kiwango cha maji kuchemka hadi nyuzi 118 hivi hata huko Mbeya, na mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji unafika karibu na nyuzi 130 ukiwa pwani. Raba ya mfuniko ikipasuka, presha haikai, kulanti inachemka mapema, kopo la akiba linafurika, na mwenye gari anaapa kuwa injini imekufa, ilhali chuma hakijazidi joto lake la kila siku. Hilo ni gari lililochemsha bila injini kupata moto kupita kiasi, na tiba yake ni mfuniko mpya.

Upande wa pili ni geji. Kipimo cha kwanza cha joto kilichoenea kwenye magari, Boyce MotoMeter ya Marekani iliyoanza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1910, kilikuwa kipimajoto kilichosimama juu ya mfuniko wa rejeta, nje kabisa ya boneti, dereva akikisoma kupitia kioo cha mbele. Kilipima joto la mvuke ulio juu ya maji ya rejeta, wala si maji yenyewe, sembuse chuma. Leo kipimo kimehamia dashibodi na kinafanya kazi kwa umeme, lakini tabia hiyo haijabadilika: kinasema habari za pale kilipochomekwa. Sensa ya kisasa, ambayo kwa kawaida hukaa karibu na themostati au mahali kulanti inapotokea kwenye silinda hedi, ni kipande ambacho ukinzani wake wa umeme hushuka kadiri joto linavyopanda. Kwenye injini nyingi za Toyota ni kati ya omu 2,000 na 3,000 kwenye nyuzi 20, na takriban omu 300 tu kwenye nyuzi 80. Geji inapokea umeme uliopita kwenye ukinzani huo, na haina njia ya kujua kama uliobadilika ni joto, waya, au kutu iliyoingia kwenye soketi.

Kwenye magari ya zamani yenye sensa ya waya mmoja, jambo hili unaweza kulionyesha mwenyewe kwa dakika chache, swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa. Chomoa waya wa sensa: mshale unatakiwa kulala kwenye C, upande wa baridi. Gusisha waya huo kwenye bodi ya gari kwa sekunde chache: mshale unapanda hadi H, upande wa moto. Injini ni baridi, unaweza kuilalia, na geji inasema inaungua. Ikiwa mshale ulibaki H hata baada ya kuchomoa, basi waya umechubuka na kugusa chuma mahali fulani, au geji yenyewe ndiyo mbovu, na hakuna kiasi cha kuzibua rejeta kitakachoushusha.

Jaribio hilo usilifanye kwenye magari mapya, kwa sababu huko sensa inazungumza na kontroboksi, yaani kompyuta ya gari, na kontroboksi ndiyo inayoamua mshale ukae wapi. Watengenezaji wengi wameipangia iuweke mshale katikati kuanzia nyuzi 75 hivi hadi zaidi ya 100, ili dereva asihangaike na kila badiliko dogo. Kwa hiyo mshale ulio katikati hausemi kuwa joto ni zuri. Unasema halijatoka nje ya ukanda huo, na utakapoanza kusogea, kulanti imekwisha kupanda muda mrefu. Baadhi ya Vitz na Passo hazina mshale kabisa, zina taa ya bluu ya injini baridi na nyekundu ya injini iliyozidi moto, na katikati ya taa hizo mbili dereva hajui lolote. Kwa magari ya namna hii kipimo cha kuaminika ni mashine ya kusoma kontroboksi, inayotoa namba halisi ya nyuzi. Na mashine hiyo ikionyesha namba ya hitilafu P0117 au P0118, lawama zinaelekea kwenye sensa na nyaya zake kabla ya kitu kingine chochote.

Hatari kubwa zaidi iko kinyume cha yale watu wanayoyaogopa. Gari linapanda mlima wa Kitonga likiwa na mzigo, mpira wa chini wa rejeta unapasuka, kulanti inamwagika barabarani. Mshale unaruka juu kidogo, kisha unashuka, na dereva anashusha pumzi. Kilichotokea ni kwamba sensa imebaki bila kimiminika cha kupima, iko ndani ya hewa na mvuke, na hewa haifikishi joto kwenye sensa kama kulanti inavyofanya. Wakati huohuo silinda hedi ya aluminiamu inapinda. Hapa hakuna kinachochemka tena, kwa sababu hakuna cha kuchemka, na mshale hauko juu, lakini injini ndiyo inayokufa.

Hewa hiyohiyo ndiyo inayoleta lile lalamiko la kwamba gari limeanza kuchemsha tangu libadilishwe kulanti. Kumwaga kulanti ya zamani kwa koki ya chini ya rejeta, injini ikiwa baridi, ni kazi rahisi. Kujaza ndiko kunakotaka subira. Ukimimina kwa haraka na kufunga mfuniko, hewa inabaki kwenye sehemu za juu za injini, inapita mbele ya sensa kila pampu inapoisukuma, na mshale unacheza juu na chini. Kinachotakiwa ni kujaza polepole, kuweka hita kwenye moto, kuacha injini iungurume mfuniko ukiwa wazi mpaka mpira uliokuwa baridi upate moto ghafla, maana hapo ndipo themostati imefunguka, kisha kuongeza kadiri mapovu yanavyotoka. Maji ya kuchanganyia yawe yale yaliyosafishwa yasiyo na chumvi, si ya kisima, kwani chokaa na chumvi huganda kwenye vijia vya rejeta. Na kwa kuwa nimefika hapo: rangi ya kulanti haielezi aina yake. Hakuna kanuni inayomlazimisha mtengenezaji kutia rangi fulani, na nyekundu mbili zinaweza kuwa na dawa tofauti za kuzuia kutu.

Nalo suala la kung'oa themostati lisingestahili mjadala kama lisingekuwa desturi. Kwenye injini nyingi kifaa hicho, kikifunguka, huziba pia njia ya mkato inayorudisha kulanti kwenye injini bila kupita rejeta. Ukikitoa, njia hiyo inabaki wazi muda wote, na sehemu ya kulanti inazunguka bila kupoozwa. Injini inachelewa kupata joto asubuhi na kunywa mafuta zaidi, kisha kwenye mlima mrefu inazidi moto kuliko awali.

Kwa hiyo ukifika gereji, liache kidogo neno kuchemsha. Mweleze fundi ulichokiona: kwamba mshale ulipanda ukiwa kwenye foleni na kushuka ulipoanza kukimbia, jambo linaloelekeza kwenye feni; au ulipanda mlimani tu, jambo linaloelekeza kwenye rejeta iliyoziba; au mpira wa juu uligeuka mgumu muda mfupi baada ya kuwasha gari likiwa baridi, jambo linalomfanya fundi makini aulizie gasketi ya silinda hedi. Kama uliona mvuke au kopo la akiba likitokota, hapo sema limechemsha, na utaje pia ulikuwa mwinuko gani.