Je, wajua kwa nini makumbusho ya meli huwalipa watu wachunguze nyota?

Saa ya ukutani ikigonga saa sita kamili mchana pale Mtwara, jua bado halijafika katikati ya anga. Waumini wa Mikindani na Lindi wanalijua hili bila kufundishwa darasani: adhuhuri haiingii mpaka jua lipinduke, na jua huku halipinduki saa sita. Kwa wastani hufika kileleni saa sita na dakika 19. Mwanzoni mwa Novemba huwahi, saa sita na dakika tatu hivi, na katikati ya Februari huchelewa hadi saa sita na dakika 33.

Sababu kubwa ni kwamba saa ya Tanzania imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari ambao hata haupiti nchini kwetu. Unapita huko baharini karibu na Mayotte. Mtwara iko nyuzi 40 na kidogo. Dunia huzunguka uzi mmoja kila dakika nne, kwa hiyo pengo hilo la nyuzi tano kasoro ndilo dakika zetu 19. Geuza hesabu hiyo, nawe umekuwa baharia: ukijua saa ya mahali fulani, ukalinganisha na jua la hapo ulipo, unajua uko mashariki au magharibi kwa kiasi gani, na hiyo ndiyo longitudo.

Na hapo ndipo lilipo jibu la swali letu. Kituo cha nyota cha Greenwich, Uingereza, kilianzishwa mwaka 1675 na Mfalme Charles II si kwa sababu mfalme alipenda kutazama mbingu, bali kwa sababu meli zake zilikuwa zinapotea. Latitudo, yaani uko kaskazini au kusini kwa kiasi gani, mabaharia waliweza kuipima kwa jua au nyota. Longitudo iliwashinda. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza likaahidi hadi pauni 20,000 kwa atakayepata njia ya kuipima baharini. Seremala aliyegeuka fundi saa, John Harrison, akatengeneza saa ambayo katika safari ya kwenda Jamaika ya 1761 hadi 1762 ilikosea kwa sekunde tano tu. Wanajimu nao wakashika njia ya kupima mwendo wa mwezi kati ya nyota, na Nevil Maskelyne akatoa kitabu cha majedwali kwa ajili ya mwaka 1767. Ukiona sekunde tano ni kitu kidogo, fikiria hivi: saa ya meli ikikosea sekunde 15 au 20 tu, tayari Mikindani umeihamishia Mtwara mjini.

Kwa hiyo haishangazi kuwa leo kituo hicho cha zamani na Makumbusho ya Taifa ya Bahari, yaliyofunguliwa Greenwich mwaka 1937, viko chini ya taasisi moja. Kwa miaka mingi taasisi hiyo imetoa ufadhili wa utafiti wenye jina la James Caird, tajiri wa meli kutoka Uskoti ambaye fedha zake zilinunua sehemu kubwa ya mikusanyo ya mwanzo. Ufadhili wa namna hii si masomo ya shahada. Mtafiti huomba kwa kueleza swali lake na vitu gani hasa vya ghalani anataka kuvifungua. Akikubaliwa hupewa posho ya kujikimu kwa wiki au miezi kadhaa, meza ya kukalia, na wataalamu wa kumwonyesha kilipo kitu. Mwisho hutoa mhadhara au makala.

Makumbusho yanapata nini? Yanapata kujua yana nini. Ghala la namna hiyo lina ramani, vyombo vya kupimia na madaftari ya safari kwa maelfu, na wafanyakazi hawawezi kusoma kila ukurasa. Daftari la luteni lililoandikwa kila siku upepo unatoka wapi na una nguvu gani linaweza kukaa miaka 200 bila mtu kulijali, mpaka aje mwenye swali. Watafiti wa hali ya hewa, kwa mfano, wameyatumia madaftari ya meli ya kati ya 1750 na 1850 kuujua upepo wa bahari kuu wa enzi ambazo vituo vya hali ya hewa vilikuwa vichache mno. Edmond Halley, mnajimu yule yule mwenye nyotamkia yenye jina lake, alichora mwaka 1686 ramani ya pepo za dunia, na kaskazi na kusi zetu zimo.

Lakini mfano unaonivutia zaidi ni wa kwetu. Ahmad ibn Majid, rubani maarufu wa Kiarabu wa karne ya 15, aliandika shairi refu la kuelekeza njia ya Sofala, Msumbiji ya leo, na pwani ya Waswahili, Kilwa ikiwemo, imo. Nakala yake iko Urusi, St Petersburg, na ilichapishwa mwaka 1957. Wataalamu bado wanabishana kama mistari inayowataja Wareno ni yake au ilichomekwa baadaye. Marubani wa jadi hiyo walipima urefu wa nyota kwa vidole. Chombo chao kilikuwa kibao kidogo chenye uzi wa mafundo: unauma fundo, unanyoosha uzi mpaka ukaze, ukingo wa chini wa kibao unagusa upeo wa bahari na wa juu unagusa nyota. Kidole kimoja ni kama uzi mmoja wa pembe (digrii) na sehemu sita za kumi. Ukivuta mstari kusini kutoka Kilwa hadi usawa wa Mtwara, ni chini kidogo ya kidole kimoja.

Sasa ugumu. Nyota ya Jaa, inayoonyesha kaskazini, haionekani Lindi wala Mtwara. Ukivuka ikweta kuja huku inazama. Nahodha aliyetoka Omani alilazimika kubadili nyota njiani, akashika zile za Dubu Kubwa ambazo bado huchomoza kwetu, au Suheli upande wa kusini. Tena mhimili wa dunia huyumba kama pia ya watoto inayokaribia kuanguka, ila mzunguko wake mmoja huchukua karibu miaka 26,000. Leo Jaa iko chini ya uzi mmoja kutoka ncha ya mbingu. Mwaka 1500 ilikuwa mbali nayo nyuzi tatu na nusu hivi. Mtu akizisoma namba za marubani wale kwa anga la leo, hesabu inaweza kukosea kilomita zaidi ya 380, mara mbili na zaidi ya umbali wa Kilwa hadi Mtwara. Mwanahistoria wa majahazi asiyejua nyota hapa amekwama, na mnajimu asiyejua Kiarabu cha mabaharia amekwama naye.

Mambo haya hayakuishia kwa majahazi. David Livingstone aliposhuka Mikindani Machi 1866 kuanza safari yake ya mwisho, alibeba kronomita, yaani saa sahihi za kupimia longitudo. Januari 1867, akiwa bara, mbebaji aliteleza akaanguka nazo, na longitudo alizopima baada ya hapo zikaharibika. Ili kujua kweli alipita wapi, mtu lazima arudie hesabu zake za mwezi na nyota upya.

Je, mtu wa Lindi au Mtwara ana nafasi? Nafasi nyingine hudai shahada ya uzamivu, nyingine hazidai. Kinachouza ombi ni swali. “Napenda historia ya bahari” halimfikishi mtu popote. Kuta za Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zina michoro ya vyombo iliyokwaruzwa kwenye plasta. Kapteni William Owen wa jeshi la majini la Uingereza alipima pwani hii miaka ya 1820. Atakayekaa na manahodha wa Kilwa Masoko wakamwonyesha mikondo wanayopitia leo, kisha akataka kuilinganisha na vipimo vya Owen, ana ombi ambalo aliyekulia London hawezi kuliandika.

Kuanza hakuhitaji nauli, maana orodha za mikusanyo ya makumbusho mengi ziko mtandaoni bure. Ila ukitafuta, usiandike Kilwa peke yake. Andika na Quiloa, maana ndivyo Wareno walivyoiandika, na ramani za Waingereza zikawafuata kwa muda mrefu.